Shamba la Mama Mkwe Nililolihesabu kwa Mbali

Ninakiri mwanzoni kabisa, ili asiwepo wa kunikatiza: ni kweli nilianguka, ni kweli nilianguka mbele ya mkubwa wangu wa kazi, mbele ya Jumbe na wanawake wote wa bonde la Mwankoko, na ni kweli kwamba aliyekuwa amesimama hatua nne tu kutoka pale nilipoangukia alikuwa mama mkwe wangu. Hayo siyakani. Ninachokikataa, tena kwa maandishi kwa kuwa kwa mdomo nimeshindwa, ni habari iliyosimuliwa majuzi harusini pale Utemini, na mtu ambaye siku ya mkasa wenyewe hata hakuwa amezaliwa, kwamba eti nilitumbukia chooni. Si choo. Lilikuwa pipa la maji ya sabuni, pipa safi lililokatwa nusu, nililoliagiza mimi mwenyewe kwa kazi ya serikali. Mtu akitaka kunicheka na anicheke, lakini anicheke kwa usahihi.

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa mwelekezaji wa kilimo, na watu walituita sisi Waafrika wa idara hiyo Bwana Shamba, na Mzungu aliyekuwa juu yetu wakamwita Bwana Mkubwa. Nilikuwa kijana wa Mgori, nina kaptula mbili za khaki, kalamu ya wino na daftari lenye jalada gumu, na bila kujisifu (ingawa sioni ubaya wa kujisifu kwa jambo la kweli) hapakuwa na mwelekezaji mwenye mwandiko kama wangu kutoka bomani hadi Iramba.

Kazi yangu katika bonde la Mwankoko ilikuwa kuwahesabu wadudu. Msicheke. Kwetu Singida mvua zikianza kukata, majani ya porini yanakauka na uwele unakomaa, na mdudu ambaye miezi yote alikuwa na chakula kila mahali anajikuta hana pa kwenda ila kule chini bondeni, ambako udongo bado una unyevu na wanawake wana bustani za kunde na maboga. Anahamia huko kwa jumla, na mtu asiyepita kila wiki kugeuza majani na kuangalia upande wa chini atashtuka siku moja akikuta vijiti. Kwa hiyo kila Jumatano niliingia katika kila bustani, nikachagua mashina kumi bila upendeleo, nikainama, nikageuza jani, nikatazama kikonyo, nikatazama ncha changa, nikaandika. Njia hii ilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi hadi leo. Naomba jambo hilo lieleweke kabla hatujaendelea.

Na lieleweke pia kwamba haukuwa mchezo. Wanawake wa bonde lile walikuwa na majuma matatu, labda manne, ya kuchuma majani ya kunde, kuyachemsha kidogo na kuyaanika juu ya miamba (miamba ya Singida mnaijua, mikubwa na bapa, ikipata jua inachoma kama kikaango), halafu kuyahifadhi vibuyuni. Hiyo ndiyo mboga ya kiangazi kizima. Mwanamke aliyejaza vibuyu aliweza kuwalisha watu wake hadi mvua nyingine, na ambaye hakujaza, nyumba yake ilikula ugali kwa chumvi.

Sasa nije kwa mama mkwe. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikuwahi kulitaja alipokuwa hai na siwezi kuanza utovu wa adabu nikiwa na mvi. Vijana wa leo wanakaa na wakwe zao meza moja na kupokezana bakuli la mchuzi, lakini sisi tulilelewa vingine: mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hasemi naye ana kwa ana, wala hakanyagi mahali alipo. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia porini, hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu, na suruali yangu moja ilikufa kifo hicho. Na huyu mama alikuwa na bustani ya mwisho kabisa upande wa chini karibu na maji, imezungushiwa ua wa minyaa, na ndani ya bustani hiyo alikuwamo tangu jua linachomoza hadi linapoelekea kuzama, kila siku, Jumatano ikiwemo.

Mtaona tatizo. Serikali ilinitaka niingie, na adabu ilinikataza.

Jumatano ya kwanza nilisimama nje ya ua nikasubiri labda atatoka kuteka maji. Hakutoka. Nikasikia jembe likilima polepole, na mtu anayelima akiongea na jembe lake, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kunifikishia neno bila kunisemesha.

"Jembe," alisema, "mguu wa mtu umeota mizizi pale njiani. Jua kali. Si aende akanywe maji?"

Nikaenda. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo uliozaa mengine yote. Nafasi ya bustani ya mwisho katika daftari langu ilikuwa tupu, na mimi sikuweza kustahimili nafasi tupu, ilinikera kama jino bovu. Nikafikiri: udongo mmoja, maji yaleyale, kunde zilezile, hatua arobaini tu kutoka bustani inayofuata upande wa juu. Nikaandika maneno mawili, kwa mwandiko mzuri sana: *Kama juu.*

Jumatano ya pili nikaandika tena *Kama juu*. Ya tatu sikupita hata karibu na minyaa.

Wakati huohuo, katika bustani za juu nilianza kumwona mdudu mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, wa duara, ukubwa wake kama nusu ya kunde. Alikuwa kwenye majani ya maboga akiyakwangua hadi yanabaki kama chekeche. Nilimtambua mara moja kutoka katika mafunzo yangu. Nikawakusanya wanawake kisimani, nikaagiza pipa likatwe nusu, lijazwe maji ya sabuni na kuwekwa njiani, katikati ya bustani zote na pengo la ua wa mama mkwe, kisha nikatoa amri: kila mdudu mwekundu mwenye madoa meusi aokotwe kwa mkono, ahesabiwe, atumbukizwe.

Alikuwapo Mama Ramadhani, mjane mwenye bustani kubwa kuliko zote za juu, mama wa watu sita, mwenye ulimi ambao Jumbe mwenyewe aliukwepa. Hakuwa ndugu wa mke wangu, kwa hiyo yeye na mimi tuliongea bila kizuizi, na yeye alipenda kuniita mkwe wetu, kwa makusudi, ili wenzake wacheke.

"Mkwe wetu, wote?" aliuliza.

"Wote, mama."

"Hata wale wa kwenye kunde? Maana kwangu kwenye maboga ni wachache. Kwenye kunde ndiko waliko wengi."

Hilo lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo ningepaswa kuliuliza mimi. Nikamjibu, na wanawake wale hawakunisamehe jibu hilo hata baada ya mimi kustaafu: "Mama, mdudu ni mdudu. Wa kwenye kunde leo, kesho yuko kwenye boga. Tumeagizwa madoa, tunaokota madoa."

"Haya, tumeagizwa madoa!" akawaambia wenzake. "Mwenye upele na ajifiche!"

Walicheka, nikacheka nami, kwa sababu nilikuwa bado mtu anayeweza kucheka.

Ndipo nyuma ya minyaa jembe likasimama.

"Jembe," ile sauti ikasema, polepole na kwa nguvu ya kutosha kufika kisimani, "wewe usiwaguse wanaong'aa. Wanaong'aa mgongo wanakula chawa wa kunde. Wasiong'aa, wale kama wamepakwa vumbi, ndio wala majani. Madoa wanayo wote. Jembe, umesikia?"

Nilisikia. Nataka niwe mkweli hapa, maana ndiyo shabaha ya maandishi haya. Nilisikia kila neno, na kwa adabu zetu neno alilosemeshwa jembe si langu kulijibu wala kuliuliza swali la pili, lakini hakuna adabu iliyonikataza kuinama nikatazama migongo. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, la kichwa kigumu. Hata mke wangu Mariamu aliponieleza jambo hilohilo mchana wakati wa chakula, kwamba mama yake amemwita na kumsisitizia habari za wanaong'aa na wenye vumbi, nilimjibu huku nikimega ugali kwamba mambo haya mimi nimeyasomea.

"Umesomea wadudu wa wapi?" aliniuliza. "Wa kwetu au wa Wazungu?"

Nikamwambia mdudu hana kabila. Akaninyima mchuzi.

Kazi ikaenda, na katika daftari ilikuwa kazi ya kupendeza mno. Wadudu wa madoa walishuka wiki hadi wiki, tarakimu zikawa ngazi nzuri inayoteremka, nami niliipigia mstari kwa rula. Kwenye kunde zenyewe, lakini, mambo yalianza kuwa ya ajabu kidogo. Ncha zilijikunja. Majani yakawa yananata kama yamepakwa asali, sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kwa misururu, na chini ya kila jani changa pakawa na vidukari weusi, wale ambao wanawake waliwaita chawa wa kunde, wamesongamana hadi kijani hakionekani. Niliwaona. Niliandika. Nikaeleza kwa kujiamini kwamba ni ukavu wa majira, na nikaagiza majivu yanyunyizwe juu ya mimea, dawa nzuri kabisa pakiwa na utulivu wa hewa, ila mnajua upepo wa Singida mvua zikikata. Majivu yale hayakufika kwenye kunde hata kidogo, yalifika machoni mwa akina mama, na kwa siku mbili nusu ya bonde lilikuwa likitembea limefumba jicho moja.

"Mkwe wetu," Mama Ramadhani aliniita kutoka bustanini kwake, akiwa na jani mkononi na jicho jekundu kama nyanya, "hawa chawa nao tuwapake madoa ndipo uwaone?"

Nikamwambia awe na subira. Bwana Mkubwa alikuwa anakuja Jumatano hiyo, ataona kazi, na huenda wilaya nzima ingefuata mfano wetu. Hayo niliyaamini.

Bwana Mkubwa akaja na motokaa yake, mtu mrefu, mwekundu, asiyesema sana, Kiswahili chake cha bomani lakini kinachoeleweka. Jumbe alikuwapo na kanzu yake ya baraza. Wanawake wote waliketi juu ya mwamba mmoja mkubwa juu ya bustani, na Mariamu alikaa pembeni akiwa ameinamisha macho kama mtu anayesubiri sindano. Mimi nilisimama katikati na daftari langu, pia na chupa kubwa ya kioo ambayo ndani yake nilikuwa nimeweka wadudu wa madoa walio hai, wazuri kuliko wote, niliowachagua mwenyewe kwa ajili ya maonyesho (na niliwachagua, Mungu anisamehe, karibu wote wanaong'aa, kwa kuwa walipendeza).

Nikatoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa kwa kukubali, akaomba chupa, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akamwaga wadudu kiganjani. Akatazama kwa muda mrefu. Mmoja akaruka akatua kwenye ukingo wa kofia yake.

"Huyu mmoja anakula maboga," alisema hatimaye. "Hawa wote wengine hawali mboga. Hawa wanakula vidukari. Hawa ni askari wenu."

Akanigeukia mimi.

"Umewaua wangapi?"

Basi, ndugu zangu, mtu mwingine angesema ni wachache, Bwana Mkubwa, au angesema sijui, au angeanza kukohoa. Lakini mimi nilikuwa mtunza kumbukumbu. Niliulizwa tarakimu na tarakimu nilikuwa nayo, imejumlishwa mara mbili na kuhakikiwa, na kabla akili haijauwahi mdomo nilikuwa nimeshafungua daftari, nimesimama wima, na ninasoma kwa sauti ya baraza: "Elfu nne, mia saba na kumi na tisa, Bwana Mkubwa!"

Tena kwa fahari.

Kicheko kilichotoka kwenye mwamba ule sijawahi kukisikia tena. Mama Ramadhani hakucheka. Alikuwa anazitazama kunde zake.

Bwana Mkubwa naye hakucheka. Aliuliza kama ipo bustani yoyote ambayo wadudu hao hawakuokotwa. Nikasema hakuna, zote zimekaguliwa, zote zimo daftarini.

"Ipo moja," Mama Ramadhani akasema, akinyoosha kidole chini kwenye minyaa. "Ila Bwana Shamba hajaikanyaga hata siku moja. Anaihesabu akiwa njiani, kama mtu anayehesabu ndege."

Bwana Mkubwa akalichukua daftari mkononi mwangu, akageuza kurasa, akasoma. Akauliza *Kama juu* maana yake nini. Nikaanza kuifuta kalamu yangu ya wino, ambayo ilikuwa safi.

Tukateremka wote, msafara mzima, Mzungu mbele, Jumbe nyuma yake, mimi, na bonde zima likifuata kama watu wanaokwenda ngomani. Tukafika kwenye pengo la ua, karibu na pipa. Ndani ya minyaa palikuwa na kunde ambazo sijui niwaelezeje: zimesimama, majani mapana ya kijani kizito, hakuna kunata wala sisimizi, na kila penye ncha changa palikuwa na mdudu mmoja au wawili wa madoa, wanang'aa kama wamesuguliwa kwa mafuta, wakila vidukari kwa utulivu wa watu walioko nyumbani kwao. Kwenye maboga, waliokuwa na vumbi mgongoni walikuwa wameokotwa hata mmoja hakuonekana.

Na katikati ya bustani, ameegemea jembe lake, alikuwa mama mkwe.

Nikageuza uso haraka. Hapo bado ningeokoka. Lakini mama mkwe hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na Bwana Mkubwa hakujua Kinyaturu, na Bwana Mkubwa alitaka kuelezwa kila kitu.

"Bwana Shamba," akasema, "ingia. Simama hapa, mbele ya huyu mama. Tafsiri."

Nadhani Jumbe alianza kusema, "Bwana Mkubwa, huyu ni mk..." lakini kikohozi kilimkamata, kile kikohozi cha mtu mwenye kicheko rohoni, na mimi sikungoja. Nilifanya alichonifundisha baba yangu tangu utoto, yaani nilirudi nyuma. Nililiinua daftari likafunika uso, nikainama kwa heshima, nikarudi kinyumenyume, hatua moja, mbili, tatu, na ya nne ilikuwa ndani ya pipa.

Niliketi humo barabara, kama mtu anayeogeshwa. Magoti juu, matako chini, maji ya sabuni kifuani, na juu ya maji wadudu waliokufa wa wiki nzima, wakanigandama mikononi, shingoni, kwenye kola, madoa matupu kila mahali. Daftari nililinyanyua juu ya kichwa. Halikulowa. Hilo naomba liandikwe.

"Mama yangu!" mtu akapiga kelele. "Sasa yeye ndiye mwenye madoa!"

Nilitaka kutoka, lakini pipa lilikuwa jembamba na nilikuwa nimekwama kiunoni, na katika kujigeuza nilijikuta nimekaa mgongo kwa bustani, uso kwa njia. Nikatulia. Na nikagundua, katikati ya aibu yote hiyo, kwamba kwa mkao huo nilikuwa siwezi kumwona mama mkwe hata nikitaka. Adabu ilikuwa imetimia. Naye, mwanamke mwenye akili kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, aliliona hilo wakati uleule, akageukia jembe lake, akaanza kusema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya wazi, sentensi moja moja, akiniachia nafasi.

Nikatafsiri. Nini tena ningefanya? Nilikuwa mtumishi wa serikali.

"Anasema wanaong'aa ni wa kunde, wasiong'aa ni wa maboga, na mtu akiinama anawatofautisha," nilisema kutoka ndani ya pipa. "Anasema watoto wa wanaong'aa hawafanani na wazazi wao, ni weusi warefu kama mijusi midogo, nao wanakula chawa kuliko wazazi, wasiuawe. Anasema kwenye bustani za juu ncha zilizojaa chawa zikatwe leo, wapewe mbuzi. Kisha wanawake waje hapa kwake wachukue matawi yenye wadudu hawa na watoto wao, wayachomeke katikati ya kunde zao jua likiwa limepoa, ili wasiruke."

"Good," Bwana Mkubwa alisema, akiandika. "Nini tena?"

Kisha mama mkwe akaliambia jembe sentensi moja ya mwisho, na wanawake wote wanaojua Kinyaturu, yaani wote, wakaanguka mmoja juu ya mwingine.

"Nini?" aliuliza Bwana Mkubwa. "Amesema nini?"

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya. Nilisafisha koo nikasema: "Anasema, Bwana Mkubwa, kwamba mkwe wake ana adabu kubwa sana. Ila adabu hiyo imekalia macho."

Ndipo hata Mzungu akacheka. Alicheka hadi kofia ikamwanguka, na yule mdudu wa ukingoni akaruka akarudi kwenye kunde. Walinitoa kwa kuliangusha pipa ubavu na kunivuta makwapa, Jumbe upande mmoja na Mariamu upande wa pili, na tulipofika nyumbani mke wangu aliniletea maji ya kuogea na kuniuliza kama ningependa yawekwe kwenye beseni au kwenye pipa.

Hapo ndipo wasimuliaji wa harusini huishia, na ninaelewa kwa nini. Lakini habari haikuishia hapo, na kwa kuwa nimechukua kalamu nitaimaliza.

Wanawake walifanya kama alivyosema mama mkwe, jioni ileile. Nilifanya nao, kwa nguo za kuazima, nikikata ncha na kubeba matawi kwenye ungo kama mtu abebaye maziwa, na safari hii niliinama. Baada ya siku nane bustani nyingi za juu zilianza kupumua. Kunde zikatoa ncha mpya, wakachuma, wakaosha yaliyonata, wakachemsha, na miamba ikafunikwa majani tena, si kama mwaka uliotangulia, lakini nusu, na kwa wengine zaidi ya nusu. Kwa Mama Ramadhani matawi yalichelewa. Yeye ndiye aliyetii kuliko wote. Alikuwa na bustani kubwa kuliko zote, na katika ile hesabu yangu ya elfu nne na ushei, zaidi ya elfu moja walitoka kwake, kwa sababu niliagiza naye akatekeleza. Mvua ya mwisho ikakata kabla kunde zake hazijainuka.

Jumatano iliyofuata baada ya mvua hiyo nilimkuta amekaa juu ya mwamba wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza hakuniita mkwe wetu. Nilianza kusema maneno, sikumbuki yapi, kwamba majira, kwamba upepo. Akaniacha nimalize.

"Una kalamu?"

"Ninayo, mama."

"Fungua daftari. Andika. Mwamba wa Mama Ramadhani: hakuna kitu." Akangoja. "Usiandike kama juu. Wa juu wanazo. Andika hakuna."

Nikaandika. Mwandiko ukawa mbaya, na sikuufuta.

Kiangazi hicho Mariamu alimpelekea kibuyu kutoka kwa mama yake na kingine kutoka kwetu, na wanawake wengine nao walipeleka, kwa hiyo watu wake sita hawakula chumvi tupu. Lakini kilikuwa chakula cha kupewa, kwa mwanamke ambaye miaka yote alikuwa mpaji, na aliyemfikisha hapo alikuwa mimi. Kuhusu pipa, basi, chekeni mtakavyo, hata mimi hucheka. Ila sijawahi tena, hadi siku niliyokabidhi ofisi, kuandika hali ya shamba ambalo sikuingia nikainama. Pale ambapo sikuweza kuingia niliacha nafasi tupu, na wakubwa waliponiuliza mbona hapa pako tupu, niliwajibu kwamba hapo sijui.